Sufuria za Msiba Zilipovuka Geti Bila Msiba

Nyie mnaosukuma mikokoteni pale getini Tunduma, na nyie mnaokaa kwenye vijiwe vya bodaboda mkibishana na simu mkononi, haya nimewaandikia nyie. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ulioishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala iacheni ilale. Imechoka kama mimi.

Nimestaafu. Hakuna ofisi iliyonistaafisha, mgongo ndio ulioniandikia barua. Umri wangu bado si wa kutembelea mkongojo, lakini ukibeba makabati ya watu kuanzia kijana wa miaka kumi na mitano, hamsini inakukuta umeshapinda. Silalamiki. Sikuachiwa hata jembe na mtu, na leo nina nyumba mbili za bati na Fuso mbili, na watoto wangu watano wote wamesoma kunizidi. Muulizeni yeyote pale mpakani, Simbeye ni nani. Asiyenijua mimi hajafika Tunduma, amepita tu.

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha watu. Mtu anatoka ng'ambo anakuja huku, mtu anatoka huku anakwenda ng'ambo, mimi nabeba kitanda chake, godoro lake, kuku wake na maneno yake. Nilianza na mkokoteni enzi zile biashara inaanza kufunguliwa, watu wanavuka na sabuni na mafuta ya kupikia kama vile wamefunguliwa mlango wa ghala.

Lakini jina sikulipata kwa kubeba. Nililipata kwa kujibu swali moja ambalo kila aliyeishi upande usio wake aliniuliza, siku zote kwa sauti ndogo: "Simbeye, safari hii watatufukuza au hawatufukuzi?"

Mnajua wenyewe tunavyoishi. Mtu analala nchi hii, anauza nyanya nchi ile, shangazi yake kazikwa kule. Serikali mbili zikikorofishana huko makao makuu, waziri anazungumza redioni akiwa amevaa tai, na huku kwetu mama mmoja anageuka kutazama godoro lake. Hizo nchi sitazitaja na magomvi yake sitayataja. Nilikuwa na wateja pande zote, na sasa nina wajukuu pande zote. Nikisema ng'ambo, ni ng'ambo tu.

Aliyenifundisha kusoma magomvi alikuwa Mzee Siwale, mfagiaji wa uwanja wa ofisi za getini. Mtu mfupi, ana ufagio mrefu kuliko yeye. Siku moja ananikuta nimekaa juu ya mkokoteni nimebana redio sikioni.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Ugomvi, mzee. Waziri wao kamwita wetu mwongo."

"Mwongo tu?"

"Na mwizi."

"Basi kalale. Wakifikia kutukanana hivyo, wana hamu ya kuonana." Akafagia kidogo, akarudi. "Nchi haifukuzi watu kwa hasira. Hasira ni ya redioni. Nchi inafukuza kwa daftari. Siku ukimwona karani anapita nyumba kwa nyumba na daftari, anauliza majina kwa upole, halafu anakwambia ahsante, hapo kaza kamba."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na nilidhani mfagiaji hana la kunifundisha. Mawaziri wale baada ya wiki mbili wakaonekana wanakunywa chai pamoja. Nikaacha kucheka.

Ndipo akanifundisha ubao. Kila ugomvi ukianza, niliokota kizibo cha soda nikakiweka mfukoni. Ukiisha bila watu kufukuzwa, nakigongomea kwenye ubao wa mbele wa mkokoteni, rangi ikitazama juu. Ukiisha kwa watu kufukuzwa, nakigeuza, bati jeupe ndilo linaonekana. Basi. Hata asiyejua kusoma anasoma. Mwaka hadi mwaka ubao ukajaa rangi, nyekundu, chungwa, kijani, mpaka wateja wakadhani ni urembo. Vyeupe, kwa miaka yote ile, vilikuwa viwili.

"Mtu akija kukuuliza," mzee aliniambia, "usianze na ugomvi wa leo. Ugomvi wa leo kila siku unaonekana mkubwa kuliko yote. Anza na ubao. Ona ni mara ngapi tulitetemeka bure. Halafu ndio ujiulize: huu wa leo una kitu gani ambacho hivi vya rangi havikuwa nacho?"

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya chuo kikuu, nimewapa bure.

Na iliniletea sifa. Kuna mwaka tuligombana na jirani kwa ajili ya mahindi. Malori yalipanga foleni mpaka Mpemba, mji mdogo wa huku ndani, watu wa ng'ambo waliokuwa wanaishi huku wakaanza kufunga virago. Alikuwepo fundi cherehani mmoja, BaChanda, "Ba" ni heshima yao kama sisi tunavyosema mzee, na "mukwai" ni kama bwana. Akanijia na futi ya kupimia bado shingoni, anataka nimbebee cherehani siku hiyo hiyo.

"Kaa," nikamwambia.

"Nikae, mukwai? Na wewe ndiye mwenye mkokoteni?"

"Ndiyo maana uniamini. Ukikaa mimi nakosa kazi."

Nikamwonyesha ubao. Akahesabu vizibo kwa kidole, akashusha pumzi, akarudi kushona. Mahindi yakapita, ugomvi ukaisha. Kwa furaha akanishonea suruali mbili, moja ikiwa na mguu mfupi kuliko mwenzake, nami nikaivaa hivyo hivyo miaka mitatu kwa sababu ilikuwa tangazo. Watu wakauliza suruali hii vipi, nami nikasimulia. Wakanipa jina: Redio Mbao. Kwa wengine redio mbao ni uvumi wa mitaani. Mimi yangu ilikuwa na vizibo.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, chukueni hili la kazi. Ukimhamisha mtu kwa haraka, kitanda kinatangulia kupakiwa na vyombo vya kupikia vinakwenda juu kabisa, maana huko aendako atapika kabla hajalala. Vyombo vya udongo vifunge ndani ya nguo chafu, si safi, nguo chafu hazitelezi. Nilijifunza hivyo kwenye barabara ya Chitete, nilipofikisha kabati la mwalimu mmoja likiwa na vikombe kumi na viwili vilivyogeuka vipande thelathini. Na karatasi za mtu, cheti, kibali, kadi ya kliniki, zisikae kwenye mzigo hata siku moja. Karatasi zikae mwilini. Nimeona watu wamefika na kila kijiko, hawana cha kuonyesha wao ni nani.

Haya. Sufuria.

Koo za huku na ng'ambo ni zile zile, na tulikuwa na chama kimoja cha kuzikana. Chama kilikuwa na sufuria nane kubwa, zile za kupikia watu mia, mikono yake imepakwa rangi nyekundu zisipotee. Sasa utaratibu wake ulikuwa hivi: sufuria zile hazikuwa na nyumba. Msiba ukiisha, zinabaki pale pale kwa wafiwa, zimeoshwa, zimefunikwa, mpaka msiba mwingine utokee, iwe huku au kule, ndipo wafiwa wapya wazifuate. Hakuna aliyezirudisha, maana kuzirudisha ni kama kusema sisi kwetu hatufi tena, au ninyi si wenzetu tena. Na kuzipikia kitu kingine ilikuwa mwiko. Hata maji ya kuoga usingechemshia.

Basi kimoja cha vile vizibo vyeupe kiliingia hivi. Ugomvi ulikuwepo, wala si mkubwa, redio haikuwa na kelele. Lakini asubuhi moja nikaona sufuria nane zinavuka geti kuja huku, na huku hakuna aliyekufa. Nikamuuliza aliyezisindikiza, akatazama chini. Shemeji yake alikuwa karani ng'ambo, na alikuwa ameshapewa daftari la kuandika majina. Nikaenda mbio kuwaambia watu wetu waliokuwa kule. Wengi walivuka na vitu vyao. Siku kumi na moja baadaye waliobaki wakavuka na nguo walizovaa.

Kuanzia siku ile nikawa mtu mkubwa. Mpaka wenye maduka walinisalimia wao kwanza. Na mimi, nawaambia ukweli, nikaanza kuziamini sufuria kuliko ubao.

Nikanunua Fuso ya kwanza. Mkokoteni nikauegesha nyuma ya nyumba, kuku wakaufanya kitanda, ubao na vizibo vyake ukapata rangi nyingine ambayo haikutoka dukani. Mzee Siwale alikuja siku moja akautazama.

"Kuku nao wanatabiri siku hizi?" akauliza.

"Mzee, mimi nimeshaijua hii kazi."

Alichukua kijiti akaanza kukwangua kinyesi kwenye vizibo, kimoja kimoja, na mimi nikaingia ndani kunywa chai.

Sasa mjue Mama Zawadi. Huyu ni mwanamke wa Isansa, upande wa Mbozi, aliyevuka kwenda ng'ambo akiwa na mimba na begi moja, na begi lile lilibebwa na mkokoteni wangu. Alifungua mgahawa kule, wali, maharage na chipsi, madereva wakampenda. Mume hakuwepo, alikuwepo binti, Zawadi. Zawadi alizaliwa ng'ambo, akasoma ng'ambo, kwa lugha zao za kule. Kiswahili alikiongea cha kuombea chumvi tu. Na mwaka huo alikuwa anamaliza shule ya msingi, mwalimu wao alisema huyu ndiye wa kwanza wa shule nzima.

Ugomvi ukaanza. Jumanne Mama Zawadi akavuka kunitafuta, bado amevaa aproni.

"Kaka Simbeye, mtihani wa mtoto umebaki wiki mbili kasoro siku moja. Nikihama sasa, hana mtihani. Huku hawezi kufanya wa kwenu, atarudishwa darasa la tatu na watoto wa meno ya kung'oka. Nikikaa na wakatufukuza, tunatoka na nguo za mwilini, na mtihani vile vile hana. Niambie. Wewe ndiye nakuamini."

"Vibali vyako?"

"Kimoja kimekwisha, nimeomba kingine, sijapewa. Kama kila mtu."

"Nipe mpaka Jumamosi," nikasema. Nikasema kwa sauti ya daktari.

Jumamosi sikuifikia. Alhamisi nilikuwa naendesha Fuso nakaribia geti, mzigo wa magodoro juu, foleni nyuma yangu. Mbele naona mkokoteni unavuka kuja huku. Juu yake sufuria. Nane. Mikono myekundu. Nyuma yake anatembea BaMulenga, katibu wa chama upande wa ng'ambo, amevaa shati la kawaida, hana hata uso wa msiba.

Nikachungulia dirishani. "BaMulenga! Msiba wapi?"

"Hakuna msiba, mukwai!" akapaza sauti, akaonyesha kwa mkono kule mbele, akasema na neno jingine, lakini lori la nyuma yangu likapiga honi, askari akanipungia nisogee, nami nikasogea.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, vijana, pachoreeni mstari. Ningekuwa nasukuma mkokoteni, tungesimama, tungeshikana mikono dakika tano, angeniuliza habari za watoto, nami ningemuuliza sufuria hizi zinakwenda wapi. Mkokoteni hauna honi nyuma. Nilikuwa juu kwenye Fuso, najua kila kitu.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Zawadi. Sikutazama ubao. Sikuuliza kama kuna karani mwenye daftari. Niliingia mgahawani nikasema, "Hama."

Alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama. "Una hakika?"

"Sufuria zimerudi bila msiba. Nimeziona kwa macho yangu."

Zawadi alikuwa amekaa kona na daftari lake la hesabu. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Baba Simbeye, mtihani?"

"Uhai kwanza, mwanangu," nikamwambia. Wala hakuna aliyekuwa anatishia uhai wa mtu. Ni maneno tu yalikuja kwa sababu ni mazuri.

Ijumaa nikawahamisha. Kitanda chini, sufuria juu, karatasi mwilini, kazi safi kabisa. Na watu wetu wa mtaa ule wakaona. Wakasema, Redio Mbao mwenyewe kaja kumtoa Mama Zawadi, mnangoja nini? Jumamosi na Jumapili Fuso yangu haikupoa injini. Nikaita na Fuso za wenzangu. Mtaa mzima, milango inafungwa, kuku wanakimbizwa.

Jumatatu maofisa wa ng'ambo wakashangaa. Watu hawa wanakimbia nini? Mtu anayekimbia ana anachoficha. Ndipo, sikilizeni vizuri, ndipo karani akatoka na daftari. Alikuwa hajatoka kabla. Akapita nyumba kwa nyumba kwa upole, akasema ahsante. Ijumaa waliobaki bila kibali wakasindikizwa mpaka getini.

Mji mzima ukasema: Simbeye alisema! Alisema! Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akalia. Nami, sitawadanganya, kifua kilijaa. Nikamwambia hata nguvu za kuona mambo Mungu anagawa anavyopenda.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa na harusi Mpemba. Kadi yake niliitembeza kwenye mfuko wa shati wiki tatu. Nikavaa suti, nikafika, nikakalishwa mbele. Mshereheshaji akanitaja kwa kipaza sauti: "Tunaye hapa Redio Mbao, mtu aliyeokoa ndugu zetu!" Watu wakapiga vigelegele. Nikainuka nikapunga mkono kama mbunge.

Mke wangu akanituma nikamtafutie maji jikoni, kwa mpishi mkuu, shangazi wa bwana harusi. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pilau linachemka kwenye mafiga. Sufuria kubwa. Nikahesabu. Nane. Mikono myekundu.

"Shangazi," nikasema, "sufuria hizi mmezitoa wapi?"

"Si ndizo zile za chama, baba. Zilikuwa ng'ambo, kamati ikamwomba BaMulenga atuletee."

"Mnapikia harusi kwenye sufuria za msiba?"

"Hata mimi nilikataa! Hawa vijana wa kamati wanasema mambo ya mwiko yamepitwa, sufuria ni sufuria. Tena walizitaka mapema, Alhamisi ile, wakiogopa huu ugomvi utafunga geti." Akaonja mchuzi kwenye kiganja. "Ila nasikia wewe ulishaona tangu mwanzo. Hongera, baba."

Kadi ilikuwa kifuani mwangu siku ile getini. Kadi ya harusi hiyo hiyo. BaMulenga mkono wake ulikuwa unaonyesha upande wa Mpemba.

Pilau sikula. Nilisema tumbo.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Zawadi. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya stendi, anamenya viazi mlangoni. Nilimwambia yote, sufuria, harusi, kadi. Mngeona, mimi ninayeweza kuongea kutwa nzima, maneno yalikwisha kabla kiazi hakijakwisha kumenywa. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Kaka Simbeye," akasema, "ulishuka kwenye gari?"

"Nini?"

"Ulipomuuliza yule katibu. Ulishuka?"

"Sikushuka."

"Ahaa," akasema. Akachukua kiazi kingine.

Mtihani ulikuwa kesho yake. Nikasema mtoto huyu atafanya, mimi ni Simbeye, geti lote linanijua. Asubuhi nikamchukua Zawadi, sare imepigwa pasi, penseli mbili amezichonga mpaka zimekuwa sindano. Tukatembea kwa miguu, Fuso niliiacha nyumbani. Ofisa wa ng'ambo alinifahamu, tumesalimiana miaka. Akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Huyu ameandikwa hapa, mukwai. Amehama. Na shule wamekwisha kulikata jina, wameambiwa familia imeondoka."

"Hakuhama, walikimbia kufukuzwa!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani aliwafukuza? Kwao hatukugonga hata mlango. Tulikuta pamefungwa. Wewe ndiye uliyewatoa, tulikuona na gari lako."

Zawadi hakuhitaji mtu wa kumtafsiria, alisikia yote kwa lugha yake. Aliziingiza zile penseli mfukoni, ncha zikiwa juu, akageuka akaanza kurudi. Nilitembea nyuma yake. Toka getini mpaka stendi si mbali, mnajua. Siku ile palikuwa mbali.

Mwaka uliofuata aliingia darasa la tatu, huku kwetu, akiwa mrefu kuliko mwalimu. Alisoma. Alimaliza. Leo ana duka la vifaa vya shule Vwawa na ananisalimia vizuri sana, "Shikamoo baba," na hiyo salamu kila mara inanikuta mahali pabaya. Kuhusu ile nafasi ya kwanza, aliipata aliyekuwa wa pili.

Jioni ya siku ile ya mtihani nilikwenda nyuma ya nyumba, nikafukuza kuku, nikatoa kizibo cha ugomvi ule mfukoni na nyundo. Mzee Siwale alikuwepo, alikuwa akija kila siku kukwangua ubao, sikuwa hata najua.

"Piga," akasema.

Nikakiweka, nyeupe juu. Watu walisindikizwa mpaka getini, si wamefukuzwa? Nikakigeuza, rangi juu. Nchi zenyewe zilikuwa hazijaamua kitu, zingeishia kwenye chai kama kawaida. Nikakigeuza tena.

"Mzee, kinakaa vipi hiki?"

"Hakikai," akasema. "Ubao huu unahesabu nchi zinazofukuza watu. Wewe si nchi, Simbeye."

Akachukua ufagio wake akaondoka. Alifariki miaka miwili baadaye, na tuliwapikia wafiwa wake kwenye sufuria mpya za kukodi, zile za chama zikiwa kwenye sherehe ya kipaimara.

Mji haukujua. Mpaka leo mji unasema nilisema. Nimekuwa nikinunuliwa soda kwa jambo lile kwa miaka, na nimezinywa. Ndiyo maana nimeandika, maana mgongo umechoka na hii nayo ni mzigo, tena hauna pa kuushika.

Juzi kaja binti mmoja anayeuza vitenge ng'ambo. Kuna maneno tena redioni, mmeyasikia. Kanikuta nimekaa nje.

"Baba, wewe si ndiye Redio Mbao? Mimi nihame au nikae?"

"Kwanza ujue nina Fuso mbili," nikamwambia. "Ukihama, kijana wangu anapata safari. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pili, twende nyuma ukasome ubao mwenyewe."

Akahesabu vizibo vyote, midomo inacheza. Vyeupe bado viwili. Halafu akaona nacheza na kitu mfukoni, nikamwonyesha, kizibo kimelainika, meno yake yote yamekwisha kwa kusuguliwa.

"Na hiki ni cha nchi gani?"

"Hicho ni changu."

Akangoja. Vijana mna haraka, lakini huyu alingoja. "Kwa hiyo baba, nikae?"

"Daftari umeliona? Kuna karani anapita?"

"Sijaona karani. Ila watu wanasema kuna vyombo vingi vinavushwa kuja huku tangu jana."

Nikainuka, mgongo ukalia, nikachukua kofia. "Twende getini. Kwa miguu," nikamwambia. "Tukaulize kuna harusi ya nani."